Acheni kusingizia Linux! Vijiti vya TV mnavyotuuzia Nairobi havishiki DVB-T2

Wadau, uzi huu ni wa hasira na sitauzungusha. Kila mara hapa jukwaani mtu huuliza mbona kijiti cha TV cha USB alichonunua Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, hakioneshi hata chaneli moja kwenye Ubuntu au Mint, yaani matoleo ya Linux, na kila mara anajibiwa vilevile: "Shida ni Linux, weka Windows." Huo ni uongo. Kijiti hichohicho ukikichomeka kwenye Windows hapa Nairobi hutaona kitu. Kasoro iko kwenye chipu, na anayekiuza ama anajua ama ana wajibu wa kujua.

Kenya inarusha matangazo ya DVB-T2, kizazi cha pili cha TV ya dijitali ya antena; DVB-T ni kizazi cha kwanza. Analogia ilizimwa Nairobi Februari 2015, kwa hiyo hakuna muuzaji anayeweza kudai kwamba hili ni jambo geni. Lakini vijiti vya bei ya chini vilivyojaa madukani vina chipu ya RTL2832U, inayofasiri DVB-T peke yake. T2 haikuja kama kiraka juu ya T. Usahihishaji wa makosa ni mwingine kabisa, LDPC na BCH mahali pa Viterbi na Reed-Solomon, na kazi hiyo hufanywa na saketi za chipu yenyewe. Hakuna draiva wala amri ya terminali itakayoongeza saketi ambayo haimo. Kwenye boksi wameandika "Digital TV" kwa herufi kubwa, basi.

Na ndipo Linux inapolaumiwa bure, kwa sababu yenyewe inakitambua kijiti hicho bila shida. Ukiandika lsusb (orodha ya vifaa vya USB) unaona 0bda:2838, dmesg (kumbukumbu za kerneli) haina kosa lolote, /dev/dvb/adapter0 ipo. Mtu anaona kila kitu kimekaa sawa, anasaka chaneli kutoka mwanzo wa UHF hadi mwisho, anatoka mikono mitupu. Kabla hujapoteza jioni yako, weka kifurushi cha dvb-tools kisha uandike:

dvb-fe-tool -a 0

Itakuorodheshea mifumo ambayo kijiti kinaielewa. Kama DVBT2 haimo, rudia amri ukiongeza -f 1 mwishoni, maana vijiti vingine vina milango miwili, nitaeleza hapo chini. Ikikosekana na huko, simama hapo, kirudishe dukani. Ni bora zaidi uende na laptopu na uiandike amri hiyo palepale kaunta kabla hujatoa pesa. Wakikuambia bidhaa ikishauzwa hairudishwi, watajie Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili aitumie ipasavyo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo ipo.

Sasa vile vinavyofanya kazi. Tafuta kijiti chenye chipu ya pili ya kufasiri T2: Panasonic MN88473 (vile vya Astrometa, lsusb huonesha 15f4:0131), Silicon Labs Si2168, au Sony CXD2820R iliyomo kwenye PCTV 290e. Hapa napo kuna mitego miwili ambayo watu hupigwa nayo halafu wanarudi kutukana Linux.

Wa kwanza ni fimwea, yaani programu ndogo ambayo chipu hupakiwa ili ifanye kazi. MN88473 inataka faili la dvb-demod-mn88473-01.fw ndani ya /lib/firmware, na mara nyingi unalazimika kuliweka kwa mkono. Si2168 nayo ina faili lake kulingana na toleo la chipu, kwa mfano dvb-demod-si2168-b40-01.fw. Usibahatishe jina, dmesg inakutajia faili inalolikosa.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haukupi kosa lolote. Astrometa ina milango miwili ya kupokelea (frontend): frontend0 ni ile RTL ya DVB-T, na frontend1 ndiyo T2. Programu nyingi hufungua 0 zenyewe. Lazima uiambie:

dvbv5-scan -a 0 -f 1 nairobi.conf

Faili la nairobi.conf unaliandika mwenyewe, fungu moja kwa kila masafa:

[CHANNEL]
DELIVERY_SYSTEM = DVBT2
FREQUENCY = 474000000
BANDWIDTH_HZ = 8000000

Kanuni ya masafa ni 306 jumlisha mara 8 ya namba ya chaneli, kwa megahezi. Chaneli ya 21 ni 474, ya 48 ni 690. Kwa wanaotumia Tvheadend, programu ya kupokea na kusambaza TV inayoendeshwa kwa kivinjari kwenye bandari ya 9981, mtandao unaoongeza utaitwa DVB-T hata kwa T2, lakini ndani ya kila mux (kundi la chaneli zinazorushwa pamoja kwenye masafa yaleyale) badilisha mfumo uwe DVB-T2. Ukiuacha DVB-T, kila mux itaandika FAIL na hutajua kwa nini.

Kama umewahi kuweka rtl-sdr (programu ya kugeuza kijiti kuwa redio), angalia /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya moduli za kerneli: huwa inaizuia moduli ya dvb_usb_rtl28xxu, na /dev/dvb haitokei kabisa. Na ile antena ya sentimita kumi inayokuja na kijiti haifai ndani ya nyumba ya mawe. Weka antena ya UHF nje, ielekeze Limuru, shusha waya wa antena wa RG6, tafuta adapta ya MCX, ile plagi ndogo ya kijiti. Kijiti chenyewe kiweke kwenye waya wa USB wa mita moja, mbali na kelele za laptopu.

Sasa nyinyi kampuni za TV ya kulipia, za kebo na za antena. Chaneli zenu zimefungwa, sawa, ni biashara. Lakini mteja anayelipa kila mwezi akiomba moduli ya CAM, kifaa cha kusoma kadi na kufungua chaneli, ili achomeke kadi yake kwenye tyuna, hapewi. Akifungua tovuti yenu kwenye Firefox, anaambiwa kifaa chake hakikubaliki, ilhali Widevine, kufuli la video za kulipia, imo humo na inafanya kazi. Najua kwenye Linux ni kiwango cha L3 tu, kile cha chini cha ulinzi. Basi mpeni picha ya ubora wa chini, msimfungie mlango mzima. HDMI ya dikoda ina HDCP, kinga ya kuzuia kunakili, ukiipitisha kwenye kadi ya kunasa picha unapata skrini nyeusi. Kinachobaki ni waya za AV, nyekundu, nyeupe na njano, kupitia EasyCap, kijiti cha USB cha kunasa picha, yenye chipu ya STK1160 au ile ya usbtv, ambazo draiva zake ziko ndani ya kerneli:

v4l2-ctl -s pal
mpv av://v4l2:/dev/video0

Ukisahau PAL, mfumo wa picha ya AV tunaotumia hapa, picha itakuja bila rangi au itakuwa inaruka. Na hata ikikaa sawa ni 720 kwa 576, kwa mtu aliyelipia HD! Hiyo ni dharau kwa mteja.

Wauzaji, andikeni kwenye boksi jina la chipu na "DVB-T2" kama kweli ipo. Kampuni, semeni wazi kwamba mmeamua kutoihudumia Linux. Makarani wenu waache kuwaambia watu kompyuta zao ni mbovu.

Mwenye kijiti kinachoshika T2 hapa Nairobi aweke chini namba ya lsusb, jina la fimwea, toleo la kerneli na mtaa anaopokelea. Picha za boksi msilete, boksi moja huuzwa na chipu tofauti ndani.