Mrejesho: Farasi, gari la kulala na mvua ya Indiana

Wakuu, niliuliza kama tuahirishe safari ya gari la kulala na tela la farasi kwa sababu ya mvua. Hatukuahirisha. Tulipiga kambi Blackwell, ndani ya Msitu wa Taifa wa Hoosier, kusini mwa Indiana, na mvua ikanyesha kweli kweli.

Aliyesema "egesha penye kokoto, achana na majani" abarikiwe. Jirani yetu alitolewa kwa kuvutwa, magurudumu yamezama nusu.

Farasi hawakusumbuliwa na mvua, shida ilikuwa tope. Asubuhi na jioni nilichokonoa kwato: ukisikia harufu ya kuoza na kuona uteute mweusi pembeni ya ile sehemu laini ya katikati, ujue maambukizi yameanza. Zetu zimesalimika. Nyasi kavu zilikaa ndani ya tela, maana zikilowa huota ukungu, na ukungu huweza kuleta msokoto wa tumbo.

Turubai la pembeni tuliliinamisha kona moja, maji yakamwagika yenyewe.

Sasa matandiko ya farasi yananuka gari zima. Siki nimeshajaribu; nyie mnatumia nini?