Risasi ya kuwindia kulungu isiyo na teke kali kwa mtu mwenye umbo dogo (Ohio)

Mama Zawadi (Dayton, Ohio)

Salaam kwenu nyote. Nimemaliza mafunzo ya uwindaji ambayo jimbo la Ohio linamtaka kila anayekata leseni kwa mara ya kwanza ayapitie, na mwaka huu nakusudia kutoka na shemeji yangu katika wiki ya bunduki, ile inayoanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani. Kimo changu ni futi 5 kasoro inchi moja, na uzito wangu haufiki kilo 50.

Shemeji aliniazima shotgani yake ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba) pamoja na risasi za kipande kimoja, nikaipiga nikiwa nimeketi kwenye meza ya kiwanja cha shabaha. Bega lilivimba, na baada ya hapo nikawa nafumba macho kabla kidole hakijamaliza kuvuta, jambo ambalo najua halifai kwa mtu anayetaka kumwangusha mnyama bila kumtesa. Yeye anasema nitazoea. Mimi sioni kwa nini nizoee maumivu wakati ziko bunduki za namna nyingine.

Muuzaji wa duka moja amenielekeza kwenye risasi ya .243 Winchester (tarakimu hizo ni kipenyo kwa inchi), akaniambia kwamba ndiyo risasi ya wanawake na vijana tangu zamani. Tutakapowinda ni shamba lililozungukwa na vichaka, na mbali kabisa ninapoweza kumwona mnyama ni kama yadi 120. Naomba kujua kama risasi hiyo inatosha kwa dume mkubwa wa kulungu wa mkia mweupe, na kama bunduki ya vijana yenye uzito wa pauni 5 na nusu ingenifaa, kwa kuwa naweza kuibeba kutwa nzima bila kuchoka.

Baraka wa Texas

Dada, hongera kwa mafunzo. Kuhusu uwezo wa .243 huna haja ya wasiwasi. Ilitolewa mwaka 1955 kwa kuibana shingo ya ganda la .308 ili lishike kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha milimita 6, na tangu wakati huo imeangusha kulungu wasiohesabika. Ukichagua kichwa cha greni (kipimo cha uzito) 95 hadi 100 kilichotengenezwa kwa ajili ya kulungu, na wala si kile chepesi cha kuwindia mbweha ambacho hupasuka juu juu bila kuingia ndani, mnyama aliye yadi 120 hafiki mbali. Teke lake, yaani nguvu ya bunduki kulirudia bega, katika bunduki ya pauni 7 na nusu ni kama futi-pauni (kipimo cha nishati) 9 au 10. Linganisha na .30-06, ambayo katika bunduki ya uzito huohuo huvuka 20.

Kama ungependa nguvu zaidi kidogo, ziko 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 na 7mm-08 Remington ya mwaka 1980. Zote mbili zina teke la wastani, kati ya futi-pauni 12 na 15, na mke wangu, ambaye si mrefu kuliko wewe, anatumia hiyo 7mm-08 bila malalamiko. Ila kwa mtu ambaye tayari ameanza kufumba macho, ningeanza na .243.

Jambo moja la kuangalia ni sheria, kwa maana kila jimbo lina yake. Hapa Texas karibu risasi yoyote inaruhusiwa kwa kulungu, isipokuwa zile ndogo ambazo fataki yake iko ukingoni mwa kitako cha ganda, kama .22 za mazoezi. Colorado wao wanadai kipenyo kisichopungua .24, na tena risasi iwe imebakiza nishati ya futi-pauni 1,000 ikifika yadi 100. Mimi siwindi Ohio, kwa hiyo wenyeji wa huko wakuthibitishie.

Shabani (Cincinnati)

Wenyeji tupo, na jibu ni kwamba .243 hairuhusiwi kuwindia kulungu Ohio. Vilevile 6.5 Creedmoor, 7mm-08, .308 na .30-06. Nashangazwa na muuzaji wa Ohio anayemtajia mteja .243 bila kumuuliza anakwenda kuwinda nini, ingawa yawezekana alidhani dada anataka kuwinda koyote, yule mnyama wa Marekani anayefanana na mbweha.

Kanuni yenyewe ni hii. Katika wiki ya bunduki unaruhusiwa kutumia shotgani ya geji 10 au yenye mtutu mwembamba zaidi, yenye risasi ya kipande kimoja, gobore la kipenyo cha .38 au zaidi, bastola ya .357 au zaidi yenye mtutu usiopungua inchi 5, au bunduki inayotumia risasi ya ganda lililonyooka, yaani ganda lisilo na shingo, yenye kipenyo cha kuanzia .357 hadi .50. Hiyo bunduki ya mwisho iliruhusiwa mwaka 2014. Kabla ya hapo watu walikuwa na shotgani, gobore au bastola tu, na ndiyo maana wazee wengi wa huku, pengine na shemeji yako, bado wanaona kwamba kulungu ni mnyama wa geji 12. Sababu ya sheria hiyo ni kwamba jimbo hili kwa sehemu kubwa ni tambarare lenye mashamba na nyumba zilizokaribiana, na risasi zenye shingo husafiri mbali mno zikimkosa mnyama.

Katika kundi hilo la maganda yaliyonyooka, chaguo lako ni .350 Legend. Winchester waliitoa mwaka 2019 wakiwa na majimbo kama Ohio, Michigan na Indiana akilini. Jina lisikutie shaka, kwa kuwa kichwa chake kina kipenyo cha .357 na kinakidhi sheria. Kichwa cha greni 150 hutoka kwa kasi ya takriban futi 2,325 kwa sekunde, na katika bunduki ya pauni 7 teke lake ni kama futi-pauni 9, sawasawa na hiyo .243 uliyoahidiwa. Shotgani ya shemeji yako, ikiwa na risasi ya aunsi moja, inapiga zaidi ya 30. Usishangae bega kuvimba.

Watu watakutajia pia .450 Bushmaster. Ni risasi nzuri, lakini teke lake linavuka futi-pauni 20, na kwa yadi 120 haikupi kitu ambacho .350 haina. Bunduki ya .357 Magnum ya kukokotwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio ni laini kuliko zote na inaruhusiwa, ila mimi nisingemfyatulia kulungu aliye zaidi ya yadi 100 kwa hiyo.

Mzee Lukuba (Morogoro)

Binti yangu, nimefanya kazi ya kufuata nyayo pamoja na wageni wa uwindaji huku Tanzania kwa miaka mingi, na ingawa sheria za huko Marekani siwezi kuzisemea, kuhusu bega na macho yanayofumba ninalo la kusema.

Umesoma teke la risasi kana kwamba liko ndani ya risasi peke yake. Nusu ya habari iko kwenye bunduki. Risasi ileile ikiwekwa kwenye bunduki ya pauni 8 badala ya pauni 6, nishati ya teke inapungua kwa robo nzima, hata kabla hujagusa kitu kingine. Kwa hiyo hiyo bunduki ya vijana ya pauni 5 na nusu, unayoipenda kwa kuwa ni nyepesi kubeba, ndiyo itakayokuonea. Wewe hutembei nyika ya Selous. Utakaa kando ya shamba ukivizia. Beba pauni 7 pamoja na darubini na ukanda, na uitegemeze kwenye fimbo za kufyatulia utakapofika.

Nimewaona wageni wenye miili mikubwa wakiogopa bunduki zao kuliko walivyoogopa nyati. Kwa nyati na tembo hapa kwetu sheria inadai .375 au zaidi, hivyo hawana la kufanya ila kuvumilia; lakini wengi wao walikuwa wakija na bunduki hiyohiyo kwa swala pala, wakamjeruhi tumboni, nasi tukashinda tukifuata damu hadi jioni. Mwenye bunduki ndogo aliyeitulia vizuri, akapiga nyuma kidogo ya bega pale moyo na mapafu yalipo, alimkuta mnyama wake karibu na pale alipompigia.

Kuna wanaopenda kumtaja Mskoti Bell, yule wa Karamoja ya Uganda, aliyewinda tembo kwa risasi ya milimita 7 ambayo ni karibu na hiyo 7mm-08 ya bwana Baraka. Ni kweli aliwinda hivyo. Lakini Bell alijua ubongo wa tembo umekaa wapi kutoka kila upande, alitumia vichwa vigumu visivyopasuka, na alikuwa na subira ya kuuacha mlio usitoke kama pembe haikuwa nzuri. Asiye na ujuzi huo asijifiche nyuma ya jina lake. Wewe subiri mnyama asimame ubavu.

Mama Zawadi

Nawashukuru sana. Shikamoo Mzee Lukuba, na kaka Shabani umeniokolea fedha na pengine faini.

Nimemsomea shemeji majibu haya. Ameridhia kuhusu geji 12, lakini sasa anasema ninunue shotgani ya geji 20, kwa hoja kwamba itanifaa kwa kulungu na pia kwa bata mzinga msimu wa kuchipua, wakati .350 itakaa kabatini mwaka mzima. Pia nilijaribu kushika bunduki kadhaa dukani, na karibu zote kitako kilikuwa kirefu: nikiiweka begani, shingo yangu inanyooka mbele ndipo nione vizuri kwenye darubini. Je, hilo linahusiana na teke, au ni suala la kutojisikia vizuri tu?

Shabani (Cincinnati)

Linahusiana, tena pakubwa. Bunduki nyingi za madukani zina umbali wa kama inchi 13 na nusu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kipimo kinachomfaa mwanamume wa wastani. Kwa kimo chako unahitaji kama 12 na nusu, au hata pungufu. Kitako kikiwa kirefu, hukiweki tena kwenye nyama ya bega. Kinateleza kuelekea mkononi au kinaegemea mfupa, na teke dogo linauma kama kubwa. Halafu hiyo shingo uliyoinyoosha mbele imeusogeza uso wako karibu na darubini, na bunduki ikirudi nyuma, ukingo wa darubini unakupasua juu ya nyusi. Ziko bunduki za .350 zenye kitako kifupi tangu kiwandani, na ziko zenye vipande vya kuongeza na kupunguza. Fundi wa bunduki pia anaweza kukata kitako cha mbao na kukifunga mpira laini mwishoni. Darubini ifungwe baada ya hapo, wewe mwenyewe ukiwa umeishika bunduki, wala usikubali muuzaji akufungie kwa kipimo cha jicho lake.

Hoja ya shemeji kuhusu geji 20 ina mantiki ya fedha, lakini kwa bega lako siyo. Bunduki hizo ni nyepesi, mara nyingi pauni 6 na kitu, na risasi ya kipande kimoja hupiga futi-pauni 16 hadi 22 kutegemea uzito wake. Hiyo ni karibu mara mbili ya .350. Tena ukitaka ilenge vizuri unahitaji mtutu wenye mifereji ndani, ambao haufai kwa chembe za kuwindia bata mzinga, kwa hiyo ile bunduki moja ya kazi zote inageuka kuwa mitutu miwili ya kununua. Kwa bata mzinga azima.

Ukinunua .350, soma boksi la risasi kwa makini, maana rafu moja inaweza kuwa na aina tatu zisizofanana. Zile za greni 145 zenye kichwa kilichofunikwa shaba chote ni za shabaha. Ni za bei nafuu na zinafaa mazoezi, lakini kwa kulungu hupenya na kutoka bila kupanuka. Za greni 255 ni za polepole, chini ya kasi ya sauti, zimekusudiwa bunduki zenye kizuia sauti, nazo uziache. Unazotaka ni za greni 150 hadi 180 zenye ncha laini. Rekebisha darubini kwa zilezile utakazowinda nazo, ukilenga yadi 100. Kwa yadi 120 tofauti ya kushuka haitakusumbua, ila ukijaribu yadi 200 itakuwa imeshuka kama inchi 8, na huko usiende.

Baraka wa Texas

Nakubaliana na Shabani, na .350 kwa Ohio ni sahihi. Naongeza kuhusu kufumba macho, kwa kuwa bunduki mpya peke yake haiponyi tabia hiyo. Tafuta .22 ya mazoezi yenye kitako kinachokutosha, piga nayo hadi kidole kisahau shotgani, ndipo uhamie .350. Nyumbani, baada ya kuhakikisha hakuna risasi ndani ya bunduki wala ndani ya chumba, vuta kifyatulio ukiwa umelenga ukutani na uangalie kama darubini inatikisika. Kiwanjani mwombe shemeji akupakilie, baadhi ya nyakati aweke risasi na nyakati nyingine ganda tupu, bila kukuambia. Bunduki ikidondosha ncha yake wakati hakuna risasi, utaliona kosa mwenyewe.

Usipige mfululizo ukiwa umeinamia meza. Mezani mwili hauna pa kwenda, bega linabeba kila kitu. Ukisimama au ukikaa wima, mwili unayumba na teke linatawanyika. Rekebisha darubini mezani kwa mpira mnene begani, kisha ondoka hapo.

Usishawishike pia kununua kipunguza teke cha kufunga mdomoni mwa mtutu. Kinapunguza kweli, lakini kinarudisha mlio upande wako na wa aliyekaa jirani nawe, na kwa mtu anayefumba macho mlio nao ni sehemu ya tatizo. Vaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake kiwanjani. Siku ya kuwinda, vile vya umeme vinavyokata mlio mkubwa na kupitisha sauti ndogo vitakuwezesha kusikia majani yakikanyagwa kabla kulungu hajatokea.

Mama Zawadi

Nimelipata duka lenye .350 Legend ya kitako cha inchi 12 na nusu, nayo pamoja na darubini inakaribia pauni 7. Jumamosi nakwenda kuishika, na kama inatosha begani nitaondoka nayo pamoja na maboksi ya greni 145 ya mazoezi na moja la greni 150. Shemeji ameomba aijaribu yeye kwanza. Nimemwambia kitako ni kifupi kwake, ajihadhari na nyusi.