Karavani imevimba ubavu: fundi anataka kupiga riveti na silikoni, nikubali?

Kijana wa Kipushi Road
Wakubwa, salamu. Nina karavani kuukuu ya kuvutwa, iliingilia mpakani Kasumbalesa. Imesimama kiwanjani, mke wangu anauzia humo bukari (ugali) na samaki. Msimu wa mvua uliopita ubavu wa kushoto ulivimba chini ya dirisha, sasa uvimbe unakaribia mlango. Ukisukuma kwa kiganja unaingia, ukiachia unarudi. Nje ni faibaglasi, ndani ni tripleksi (mbao za tabaka, plaiwudi), nayo imekuwa kahawia kwenye kona. Fundi wa karoseri (bodi za magari) anasema atoboe, apige gundi, afunge kwa riveti na kuzungusha silikoni kila mahali. Bei yake ni ndogo mno, ndiyo maana naogopa. Septemba ndiyo hii, mvua haiko mbali.

Seremala Katuba
Ndugu, usiguse uvimbe kabla hujajua maji yanapitia wapi. Ukuta huo ni tabaka zilizogandishwa: faibaglasi, nyuma yake tripleksi ya milimita chache, halafu fremu ya mbao iliyojazwa polistireni (povu jeupe jepesi), halafu tripleksi ya ndani. Maji yakiingia, tripleksi inachambuka yenyewe. Mara nyingi gundi ya kwenye faibaglasi bado imeshika, iliyoachia ni mbao. Ukipiga gundi mpya humo unagandisha faibaglasi kwenye uji. Na kila riveti ni tundu jipya la maji.

Tafuta hivi: mwenzako aingie ndani na tochi, wewe mwagia maji kwa bomba, ukianzia chini ya dirisha na kupanda polepole, sehemu moja kwa wakati. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalikoingilia. Angalia sana ukanda wa alumini pale paa linapokutana na ubavu, taa ndogo za juu, na tundu la hewa.

Mama Nyota
Wanaume mmeruka swali. Hiyo bukari inasongwa humo humo? Maji yanachemka asubuhi nzima, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, mvuke unaenda wapi? Usiku wa Juni na Julai kuta zinatoa jasho. Na kama mbabula (jiko la makaa) inawaka ndani, toeni leo. Moshi wa makaa usioonekana unaua watu, achana na ukuta.

Kijana wa Kipushi Road
Mama, mbabula iko nje, lakini kweli sufuria zinaingizwa za moto. Tutarekebisha. Nimemwagia maji: dirishani hakuna kitu. Kufika kona ya juu mbele, yakaanza kuchuruzika ndani. Bisibisi inazama kwenye mbao ya fremu bila nguvu.

Yaya wa Ruashi
Sindano ya gundi tusiitukane, ina mahali pake. Kama uvimbe ni mdogo, mbao kavu na ngumu, unaingiza epoksi nyepesi, unabana kwa ubao mpana na miti ya kuegemeza hadi ikauke. Lakini bisibisi ikizama, mazungumzo yameisha. Fungua.

Fungulia ndani, faibaglasi usiiguse. Kwanza kata umeme, nyaya zinapita humo. Toa tripleksi ya ndani na polistireni iliyolowa, kata mbao hadi ufikie iliyo ngumu. Hewa ya sasa ni kavu, iache wazi. Watu wengi hufunga ukuta ukiwa bado na unyevu, halafu wanamlaumu fundi.

Kijana wa Kipushi Road
Asante yaya. Tripleksi gani? Madukani zote zinaitwa nzuri.

Seremala Katuba
Omba kipande, kichemshe kwenye sufuria kwa muda mrefu. Kikiachana tabaka, hicho ni cha dari ya sebule. Kingo zote ulizokata zipake epoksi au rangi ya mafuta kabla ya kufunga, maana tripleksi hunywa maji kwenye kingo kuliko usoni.

Kwangua mabaki nyuma ya faibaglasi, piga msasa, gandisha tripleksi mpya kwa gundi ya poliuretani, bana kutoka nje. Gundi ya viatu ikishagusana haikupi nafasi ya kusogeza, mimi siitumii kwa kipande kikubwa.

Kona ya juu: ng'oa ukanda wote, kwangua silikoni ya zamani hadi iishe, kwa sababu hata silikoni mpya haishiki juu yake. Weka utepe wa butili (mpira laini unaonata) chini ya ukanda, rudisha skrubu, maliza kwa masitiki (dawa ya kuziba nyufa) ya poliuretani. Kama paa lako ni la mpira, uliza masitiki ya paa la mpira, silikoni hubanduka.

Mama Nyota
Na kama fedha haitoshi mwezi huu?

Seremala Katuba
Basi kona ya juu kwanza, hiyo si ghali. Ukuta unaweza kubaki wazi na bashi (turubai) juu yake, mradi bashi isilale kwenye faibaglasi, iwe na mti wa kuiinua hewa ipite. Huyo wa riveti mwambie akutengenezee mtaro wa bati juu ya mlango, kazi ya mabati anaiweza.