Nakuru inafanya kazi usiku kucha. Watoto wetu walale wapi?

Wadau, nimetoka zamu na sijalala. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni soja. Nalinda geti la ghala moja hapa Nakuru, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki. Nina mtoto wa miaka miwili na nusu, namlea peke yangu. Mchana sihangaiki. Huku Kaptembwo na Rhonda mama wa deikea hakosi ploti mbili tatu kutoka kwako. Lakini hawa wote ninaowajua wanafunga jioni, saa ile ile mimi naingia kazini.

Nikapata jirani anayelaza watoto. Shilingi 100 kwa usiku, uje na blanketi, nepi na uji kwenye thamosi. Miezi minne nimemlipa bila kukosa hata usiku mmoja. Juzi msimamizi akaniachilia mapema, nikafika kwake saa kumi na moja alfajiri. Nikakuta kufuli mlangoni. Kwa nje! Nagonga, nasikia kitoto kimoja tu kinalia ndani, na si changu. Mwenyewe alikuwa ameenda steji kuuza chai na mandazi.

Mimi na keateka, yule mwangalizi wa ploti, tulivunja hilo kufuli. Watoto watano kwenye godoro moja, dirisha limezibwa na gunia kwa ajili ya baridi, na jiko la makaa katikati ya chumba bado lina moto. Wangu alikuwa ametapika, nikimwinua shingo inalegea. Gesi ya makaa haina harufu wala rangi, na chumba kikifungwa mtoto husinzia tu, halafu haamki. Tuliwatoa wote nje, nikambeba wangu kwa boda hadi hospitali. Yuko hai. Naandika akiwa amelala mapajani mwangu, kila dakika namwekea mkono puani.

Yule mama nilimtukana na sijutii. Watoto watano ni shilingi 500, na humo kuna makaa, maji ya kununua na kodi ya nyumba, kwa hivyo ile biashara ya chai naielewa. Kufuli sitamsamehe.

Sasa kuna mwanamume wa ploti yetu aliyeniuliza, mbele ya watu, ni mama gani anaacha mtoto usiku. Muuguzi aliyempokea mtoto wangu alfajiri ile, wake alimwacha kwa nani? Kina mama wanaoamka saa tisa usiku kuwahi mboga soko la Wakulima je? Na wale wa Naivasha wanaopakia maua hadi usiku wa manane kila Februari inapokaribia? Mnataka tuache kazi, halafu mtulishe nyinyi?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya vituo vya malezi ya watoto. Imeandikwa pale pale pamoja na shule za chekechea. Tulipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, tukapiga vigelegele. Jiji gani halina chumba kimoja cha serikali huku mitaani ambacho mama wa zamu ya usiku anaweza kumlaza mtoto?

Na waajiri wasijifiche. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka watenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu, kwa hivyo wengine wetu tunarudi getini maziwa yakitiririka. Pale ninapolinda kuna chumba cha jenereta, na kuna banda la mbwa wa doria lenye mabati na matandiko. Banda la mbwa!

Siombi mambo makubwa. Chumba kimoja kila wadi, chenye madirisha yanayofunguka, bila jiko ndani, watu wazima wawili wanaopokezana kukesha, na daftari la nani kamleta nani. Tutalipa. Hiyo 100 tunailipa tayari.

Jumatatu saa kumi na mbili jioni naingia kazini tena. Kama kuna mtu Kaptembwo, Rhonda au Githima anayemjua mama anayelaza watoto na yeye mwenyewe analala nao humo humo, aandike hapa chini. Nitaenda kukiona chumba kwanza.