Mjusi wangu wa kijani amebaki kahawia kwa siku nne: nimekosea wapi?

Mleta mada: Wakuu, naomba ushauri. Naishi Tampa, Florida, na mwezi uliopita nilinunua anoli, yule mjusi mdogo wa mitini ambaye wauzaji humwita kinyonga wa Marekani. Alikuja akiwa kijani kibichi, lakini leo ni siku ya nne amebaki kahawia, hataki kula, na nyuma ya jicho ametokwa na doa jeusi. Joto linatosha na maji yamo bakulini.

Binti wa Pangani: Ndugu yangu, kwetu kinyonga akionekana uani bibi alimtimua kwa ufagio, nasi watoto tukajificha nyuma ya pipa; wewe umemlipia dola!

Mfuga Mijusi: Huyo si kinyonga, dada, ni wa ukoo mwingine, wala hageuki rangi ili afanane na ukuta. Baridi, hofu na ugomvi ndivyo vinavyomtia ukahawia, na doa hilo ni dalili ya mfadhaiko. Maji ya bakuli aghalabu hayanywi, kwa kuwa amezoea kulamba matone majanini, hivyo mnyunyizie. Je, yuko peke yake?

Mleta mada: Yuko na mwenzake niliyemnasa ukutani, kwa kuwa nilimwonea huruma ya upweke. Hawajaumana, huyo wa pili hujiinua tu kwa mikono na kutandaza ngozi ya kooni, nyekundu yenye ukingo wa njano. Tafadhali msiniambie niwatenganishe, maana tangi nimekwisha kulipamba.

Mzee wa Ushahidi: Koo la namna hiyo ni la anoli wa kahawia, aina nyingine kabisa, mzaliwa wa Kuba na Bahama, ambaye hawi kijani hata siku moja; la wa kijani ni la waridi. Nadhani umeokota huyo mmoja, wa kijani ukatutungia. Picha iko wapi?

Mleta mada: Niko kazini, mzee. Wangu amejibana kwenye kona ya juu kabisa, hashuki hata nikiweka nyenje.

Mfuga Mijusi: Mimi nimemwamini kwa hiyo kona ya juu. Wa kahawia wakiingia, wa kijani huhamia juu mitini. Utafiti wa visiwa vidogo vya Mosquito Lagoon, wangwa wa huko huko Florida, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba katika takriban vizazi 20 nyayo zao zilipanuka, zikashika vyema matawi ya juu. Wako hana mti wa kukimbilia. Watenganishe leo.

Binti wa Pangani: Hata ndoo yenye matundu inatosha kwa usiku mmoja.

Mleta mada: Nimemtoa yule wa ukutani, nimemweka ndooni. Wangu bado ni kahawia, ila ameshuka tawi moja.