Kidude cha kuvaa cha kupima majeruhi njiani, tuweke presha au tuache? (Tanga)

Mtu wa Chumbageni:
Wakuu heshima kwenu. Tuko vijana watatu hapa Tanga mjini tunatengeneza kidude cha kumvalisha majeruhi, hakina sindano, kinasoma mapigo na oksijeni kwa taa kama kile kibano cha kidoleni halafu kinatuma kwenye simu. Wazo limetoka kwenye ajali za boda za huku barabara ya Segera, mtu anabebwa mpaka hospitali ya Bombo njia nzima hakuna anayejua anaendeleaje. Sasa mfadhili anataka tuongeze presha, eti ndo kitauzika. Mliozoea majeruhi mnasemaje?

Nesi wa Zamu:
Mdogo wangu, presha inadanganya watu kila siku. Kijana mwenye nguvu zake akivuja damu tumboni mishipa inajibana moyo unakimbia, presha inabaki palepale mpaka damu iliyopotea inafika kama asilimia 30, ndo ianze kushuka na hapo umeshachelewa, unaletewa mtu anaongea vizuri anaomba maji mara kazima. Sisi tunagawanya mapigo kwa ile namba ya juu ya presha, mapigo 120 presha 100 ni 1.2, mtu mzima ambaye hana shida anacheza kwenye 0.5 mpaka 0.7. Kwa hiyo iwekeni, ila kionyeshe inavyobadilika, namba moja haisaidii. Na pumzi jamani, zinadharauliwa sana.

Fundi Vifaa Tiba:
Dada nesi hapo kwenye kuiweka napingana na wewe kidogo. Presha bila mkanda wa kujaza upepo ni makisio, inabidi uilinganishe na ya mkanda mara kwa mara, nani ana muda huo mtu anavuja damu? Halafu mkononi sio pa kutegemea, aliyepoteza damu mikono inakuwa ya baridi, damu imekimbilia ndani taa haioni kitu, jaribuni sikio au paji la uso. Na msiamini sensa (vihisio) za kuagiza hivihivi, mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa Marekani, oksimeta, yaani hivyo vibano vya oksijeni, zilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko wazungu. Kibali cha maadili ya utafiti NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa), usajili TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), msiruke.

Boda Muheza:
Mnaongea ya hospitali tu. Anayembeba ni mimi au gari lolote linalopita, sasa hicho kidude nakitoa wapi saa nane usiku? Kama hakikai kwa boda wa kijiweni au dukani kwa Mpemba pale barabarani basi hamna kitu.

Mtu wa Chumbageni:
Boda umenigusa, nitakutafuta inbox tuongee. Dada nesi, pumzi mnahesabu nusu dakika mnazidisha mara mbili?

Nesi wa Zamu:
Dakika nzima. Za majeruhi haziendi sawa, ukikata nusu unapotea.