Naomba ushauri: mwanangu mwenye usonji hatambui hisia usoni
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 9, tunayeishi naye hapa Mkomani, Lamu, ana usonji, na hatambui kwamba mtu amekasirika mpaka asikie sauti ikipanda; shangazi zake wakivaa nikabu, ndio kabisa. Nimesoma kwamba jaribio la kutambua hisia la mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen, la mwaka 2001, hutumia picha 36 za macho pekee, lakini mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kuwa kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili, nami naafiki, kwani hata ustadhi wake madrasa huudhania uso mtulivu wa mwanangu kuwa kiburi. Je, mliolea watoto kama huyu, nimfundishe kwa picha, au niwazoeze jamaa kumtamkia wazi wanavyohisi?